Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Zisizo na Feni na RAM Isiyoongezeka

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu kompyuta ndogo za mezani ambazo hazina feni ndani yake, bali hupozwa na chipu maalumu za hali mango, yaani zisizo na sehemu inayozunguka. Tumechagua nne, zote kutoka Dar es Salaam. Waandishi wake wanauliza kuhusu kelele, joto na vumbi, lakini karibu kila barua, mwandishi akijua au asijue, inagusa pia jambo ambalo wauzaji hulitaja mwisho: kiasi cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi, na kama kitaweza kuongezwa siku za usoni.

*Mhariri, shikamoo. Nina studio ndogo ya kurekodi muziki na matangazo hapa Sinza. Feni ya kompyuta yangu inaingia kwenye maikrofoni, na kiyoyozi nalazimika kukizima ninaporekodi, hivyo chumba kinapata joto na feni inazidi kupiga kelele. Nimeoneshwa kompyuta ya Zotac inayoenea kiganjani, inayopozwa na chipu badala ya feni. Ina RAM ya GB 8. Je, niinunue?*
Mtayarishaji wa muziki, Sinza

Marahaba. Maelezo yako yanalingana na kompyuta iitwayo ZBOX PI430AJ, ambayo Zotac iliionesha mwaka 2023 katika maonesho ya Computex jijini Taipei. Ndani yake mna chipu mbili za AirJet Mini, kazi ya kampuni ya Frore Systems ya San Jose, California, iliyoutangaza uvumbuzi huo Desemba 2022. Kila chipu ina unene wa milimita 2.8 tu, na ndani yake mna tando nyembamba zinazotetemeka kwa masafa yaliyo juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Mtetemo huo huvuta hewa kupitia matundu ya juu na kuirusha kwa kasi kwenye bamba la shaba linalopokea joto la prosesa, kisha hewa iliyokwisha kubeba joto hutokea ubavuni. Frore inakitaja kiwango cha sauti cha AirJet Mini kuwa desibeli 21, na hicho ni kiwango ambacho maikrofoni iliyowekwa umbali wa kawaida kutoka mezani haitakilalamikia. Kwa upande wa kelele, basi, tangazo ulilooneshwa halikukudanganya.

Hesabu ya joto inahitaji uangalifu zaidi. Kwa mujibu wa Frore, AirJet Mini moja huondoa joto la wati 5.25 huku yenyewe ikitumia wati 1 ya umeme. Mbili kwa pamoja ni wati 10.5, ilhali prosesa iliyomo, Intel Core i3-N300 yenye viini vinane, imepangiwa wati 7. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na prosesa za kizazi hiki huruhusiwa kuvuka kiwango chake kwa muda mfupi kazi inapozidi. Zaidi ya hayo, uwezo wa hewa kubeba joto hutegemea tofauti kati ya joto la chipu na joto la chumba. Tuseme prosesa imefikia nyuzi 85 za Selsiasi. Chumba kikiwa na nyuzi 25, tofauti ni 60. Studio yako ikiwa imezimwa kiyoyozi mchana wa Februari na kufikia nyuzi 33, tofauti inabaki 52, yaani uwezo wa kupoza umepungua kwa takribani asilimia 13 bila kifaa kuwa na hitilafu yoyote. Prosesa haitaungua, kwa kuwa hujilinda kwa kupunguza kasi yake yenyewe. Lakini wewe unayechanganya sauti utaiona kasi hiyo ikishuka hasa wakati wimbo umefikia njia nyingi za sauti zinazopigwa kwa pamoja.

Hata hivyo, joto silo linalonifanya nisite. Linalonifanya nisite ni hizo GB 8, kwa sababu katika kompyuta hiyo zimechomelewa kwenye bodi na hazitaongezeka kamwe. Studio ya leo hula RAM kwa namna ambayo ofisi ya kawaida haiijui. Mfumo wa Windows huchukua sehemu yake, michoro ya skrini huchukua sehemu nyingine kwa kuwa prosesa hii haina kumbukumbu ya pekee ya michoro, kisha inakuja programu ya kurekodia, na juu yake maktaba za sauti za ala. Piano moja iliyorekodiwa kwa ubora wa juu, pamoja na ngoma na ala za nyuzi, inaweza kuzimaliza GB zilizobaki kabla hujafungua hata kitia-mwangwi kimoja.

RAM inapojaa, kompyuta haisimami, bali huanza kuhamishia sehemu ya data kwenye diski ya SSD. Mtu anayeandika barua huenda asilione hilo. Wewe utalisikia. Ukiweka bafa, yaani kipande cha sauti kinachoandaliwa kwa mkupuo mmoja, ya sampuli 256 kwa kiwango cha sampuli 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 5.3 tu za kukamilisha kila kipande cha sauti. SSD nzuri humchelewesha anayesubiri data mara mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja kuliko RAM, na vipande kadhaa vya data vikikosekana kwa wakati mmoja, muda huo unapita na spika zinatoa mikwaruzo. Mikwaruzo hiyo huingia kwenye kazi ya mteja aliyelipia saa zake, na hakuna kipozaji, kiwe cha feni au cha chipu, kitakachoiondoa.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Ikiwa kazi yako ni kurekodi sauti za wasomaji wa matangazo peke yake, njia mbili au tatu bila ala za kompyuta, GB 8 zitakutosha na ukimya wa mashine hiyo utaufurahia. Ikiwa unachanganya nyimbo kamili, usikubali chini ya GB 16, na ukiweza fika 32. Mac mini ya mwaka 2024 yenye prosesa ya M4 huanzia GB 16. Nayo ina feni, ingawa tulivu, na RAM yake haiongezeki pia, hivyo kiasi utakachochagua siku ya kununua ndicho utakachobaki nacho. Ipo pia njia ya mafundi wa redio, ambayo binafsi naiona bora kuliko zote kwa mwenye bajeti ndogo: iache kompyuta yenye feni na RAM ya kutosha, iweke nje ya chumba cha kurekodia, toboa tundu ukutani upitishe nyaya, kisha uzibe tundu hilo kwa sponji. Waya wa USB 2.0 unaruhusiwa kufika mita 5, na ukuta wa matofali utakupa ukimya ambao chipu yoyote ya kupoza haiwezi kuushinda.

*Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama mwenye steshenari Mbagala. Nimenunua kompyuta ndogo isiyo na feni, RAM GB 8, na kwenye boksi pameandikwa LPDDR5. Muuzaji aliniambia nikihitaji nitaongeza RAM nyingine pembeni. Sasa mashine inakuwa nzito ninapopokea wateja wengi, nikaipeleka kwa fundi, akaifungua na kusema hakuna pa kuchomeka. Fundi mwingine anasema ataibandua chipu iliyopo aweke kubwa. Nani anasema kweli?*
Mama steshenari, Mbagala

Mama, pole kwa usumbufu. Fundi wa kwanza amekwambia kweli, na muuzaji alikupa ahadi ambayo mashine yenyewe haiwezi kuitimiza. Fundi wa pili anazungumzia jambo linalowezekana katika karakana yenye vifaa kamili, lakini nisingependa ulilipie.

LPDDR5 ni jamii ya kumbukumbu inayotumika katika simu. Hutumia umeme kidogo na kutoa joto kidogo, na ndiyo maana hupendwa na watengenezaji wa kompyuta zinazopozwa kwa chipu, ambako kila wati huhesabiwa. Lakini ishara zake za umeme ni za kasi kubwa na nguvu ndogo, hazivumilii njia ndefu wala soketi ya kawaida, hivyo huchomelewa moja kwa moja karibu na prosesa. Kile kipande cha RAM unachokiona mafundi wakikichomeka kwenye kompyuta mpakato, kiitwacho SODIMM, hakitengenezwi kwa LPDDR5. Nafasi nayo ni tatizo. SODIMM ina urefu wa milimita 69.6, ilhali kasha la ile Zotac niliyoitaja juu lina upana wa milimita 76 na kina cha 23.8, ukishaweka vipozaji viwili, diski na milango ya nyaya, pa kuiweka hapabaki.

Sitaki uamini kwamba watengenezaji wote hufanya hivi kwa ubahili. Mwaka 2025 kampuni ya Framework ya Marekani, iliyojijengea jina kwa kompyuta ambazo mwenyewe unaweza kuzifungua na kubadilisha kila kitu, ilitoa kompyuta ya mezani yenye prosesa ya AMD Ryzen AI Max na RAM iliyochomelewa. Ilieleza kwamba ilishirikiana na AMD kujaribu kuweka RAM ya kuchomolewa ikashindikana, kwa kuwa ishara zilipoteza ubora. Ipo aina mpya ya kipande cha kuchomeka kwa ajili ya LPDDR, iitwayo LPCAMM2, ambayo imeanza kutumika katika kompyuta mpakato chache kama Lenovo ThinkPad P1 ya mwaka 2024. Ninaitarajia kwa hamu ifike kwenye kompyuta ndogo za mezani, maana ndiyo itakayomaliza malalamiko kama haya yako.

Kuhusu kubandua chipu: chini ya chipu ya kumbukumbu mna mamia ya vitone vya lehemu vinavyopaswa kukaa sawasawa kila kimoja, na kazi hiyo hufanywa kwa hewa moto sentimita chache kutoka kwenye prosesa. Fundi hodari anaweza kuiweza. Lakini baada ya hapo, programu ya msingi ya bodi lazima iitambue chipu mpya, ukubwa wake na mwendo wake, na bodi nyingi zimeandikiwa aina chache tu. Isipoitambua, mashine haitawaka kabisa, nawe utakuwa umepoteza hata zile GB 8.

Yapo mambo ya kufanya na mashine uliyonayo. La kwanza linahusu skana, kwa sababu nashuku ndiko uzito unakotoka. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi ukiskaniwa kwa kiwango cha nukta 600 kwa inchi huchukua takribani MB 104 za kumbukumbu kabla haujabanwa; kurasa kumi za vyeti vya mteja mmoja zinafikia GB 1. Ukishusha hadi nukta 300, ukurasa huohuo huchukua MB 26, na kwa vyeti, fomu na barua za maombi ya kazi macho hayataona tofauti. La pili, funga kurasa za kivinjari za mteja aliyekwisha kuondoka. Kurasa za barua pepe na za fomu za serikali zilizoachwa wazi tangu asubuhi hukaa kwenye RAM hata kama hakuna anayezitazama. La tatu, ondoa programu zinazojiwasha zenyewe pindi kompyuta inapowaka, kwa maana nyingi kati yake hukuziomba.

Siku utakayonunua nyingine, usikubali neno la mdomo. Mwombe muuzaji aiwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ufungue sehemu ya utendaji na uchague kumbukumbu. Pakiandikwa "SODIMM", RAM inachomolewa. Pakiandikwa "Row of chips", imechomelewa, na mazungumzo ya kuongeza yaishie hapo.

Tena uangalie idadi ya nafasi. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu hutumia prosesa za Intel za jamii ya N, mfano N100, ambazo zina njia moja tu ya kumbukumbu, na kwa hiyo huwekewa nafasi moja ya SODIMM. Hapo huongezi RAM ya pili. Unaitoa ya GB 8 na kuweka ya GB 16, na ile ya kwanza unabaki nayo mkononi. Intel yenyewe inataja GB 16 kuwa kikomo cha prosesa hizo. Watu wengi wameweka GB 32 na zikafanya kazi, lakini hakuna anayekudhaminia. Vilevile zipo bodi za DDR4 na bodi za DDR5, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, na vipande vyake haviingiliani: kimoja kina pini 260 na kingine 262, na pengo la katikati haliko mahali pamoja. Nenda Kariakoo na jina kamili la aina unayoihitaji likiwa limeandikwa kwenye karatasi.

Kwa steshenari, mama, mimi ningependelea mashine ya mtumba ya ofisini, zile ndogo za Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, ambazo kwa kawaida zina nafasi mbili za SODIMM. Zina feni, nayo itahitaji kusafishwa vumbi, lakini kelele yake haitasikika mbele ya mashine ya fotokopi. Chagua yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi za zamani zaidi, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Na ikiwa fedha ipo, inunue ikiwa na GB 16 tayari. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kwa kuwa viwanda vinaelekeza chipu zake kwenye vituo vya data vya akili mnemba, hivyo kusema "nitaongeza baadaye" kunaweza kukugharimu zaidi ya ulivyotarajia.

*Ndugu Mhariri, nimeona vipozaji vya simu vinavyobandikwa nyuma na kuwa baridi kama barafu, navyo havina kimiminika ndani. Je, ndiyo teknolojia hiyohiyo ya hizi kompyuta? Naweza kubandika kimoja juu ya kompyuta yangu ndogo?*
Mwanafunzi, Ubungo

Ndugu mwanafunzi, hapana kwa maswali yote mawili. Vipozaji hivyo hutumia tukio lililogunduliwa na Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834: umeme ukipita kwenye makutano ya vitu viwili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto. Hula umeme mwingi kwa kazi ndogo, na ule upande wa moto nao unahitaji kupozwa, ndiyo maana nyuma yake utakuta feni. AirJet haitengenezi baridi. Inasukuma hewa ya chumba, na haiwezi kushusha kitu chini ya joto la chumba hicho.

Tofauti hiyo ni ya maana katika jiji letu. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, na kitu chochote kilichopoa kuliko hewa hiyo hutokwa na matone, kama unavyoona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Matone hayo yakidondokea kwenye bodi, kompyuta imekwisha. Usibandike.

*Mhariri, ofisi yetu ya usafirishaji mizigo iko Kigamboni, karibu na bahari. Tunafungua madirisha, vumbi linaingia na chumvi inakula vyuma. Feni za kompyuta mbili zimekwisha kukwama. Je, hizi zisizo na feni zitadumu? Tunatumia programu ya mahesabu na kivinjari tu.*
Karani, Kigamboni

Ndugu karani, kwa vumbi zina faida ya kweli. Frore inataja shinikizo la paskali 1,750 kwa AirJet Mini, ambalo ni kubwa mno kulinganisha na la feni nyembamba za kompyuta, na kwa sababu hiyo inaweza kuvuta hewa kupitia kichujio kizito ambacho feni ingeshindwa nacho. Tena haina ekseli wala beringi ya kukwama. Lakini kichujio nacho huziba, na ikitokea chipu yenyewe ikafa, ni kitu kilichofungwa: fundi hana cha kufungua wala kulainisha ndani yake, wakati feni hubadilishwa. Kuhusu chumvi, hewa bado inaingia ndani ya kasha, kwa hiyo pini na milango ya nyaya itaendelea kuliwa kama ilivyo sasa.

Kwa ofisi yenu ningetazama aina ya tatu, ile isiyosukuma hewa kabisa, ambayo kasha lake la aluminiamu ndilo linalotoa joto nje. Ni kubwa na nzito zaidi, na ukubwa huo una manufaa yake, kwani kompyuta nyingi za namna hiyo, zikiwemo baadhi za mfululizo wa C wa Zotac, zina nafasi ya SODIMM. Kwa programu ya mahesabu na kivinjari, GB 8 zinatosha leo, na zisipotosha mtaweka 16 wenyewe kwa bisibisi. Isiwekwe ndani ya droo wala nyuma ya mafaili, iachiwe nafasi ya kiganja pande zote, na ifutwe kwa kitambaa kikavu kila wiki ili vumbi lisijenge tabaka juu ya aluminiamu. Msitumie kitambaa chenye maji, kwa sababu chumvi iliyokauka juu ya kasha ikilowa hutiririka moja kwa moja hadi kwenye milango ya USB.